Meza ya Wawili Mkwajuni: Kumbukumbu ya Chakula cha Jioni na Mafunzo Yake

Chakula cha jioni ambacho mwenzi mmoja humwandalia mwenzake nyumbani, kwa nia ya kukaa naye faragha na kumthibitishia mapenzi, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la mapambo, yaani maua, mishumaa na vyakula vya gharama, ilhali katika kaya nyingi za Tanzania suala lenyewe ni la kazi: nani huifanya kila siku, nani huipokea, na ni kwa jinsi gani aliyezoea kupokea anaweza, kwa jioni moja iliyopangwa vizuri, kuwa mtendaji. Makala haya yamejengwa juu ya kumbukumbu za mwandishi aliyeishi na mkewe na watoto wao Mkwajuni, mkoani Songwe, akiwa mtumishi wa umma, na yanatetea hoja moja, kwamba thamani ya chakula cha namna hiyo hupimwa kwa kiasi cha mzigo ambao mwandaaji amemtua mwenzake, kuanzia wazo la kwanza hadi sufuria ya mwisho inapooshwa, kuliko inavyopimwa kwa kilichomo sahanini.

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya kabla ya kujitegemea, na ambayo imo katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Tofauti na Tunduma, mji wa mpakani ambako malori ya kuelekea Zambia hupanga foleni usiku na mchana, na tofauti na Vwawa, makao makuu ya mkoa yaliyo katika nyanda za juu zenye baridi na mashamba ya kahawa, Mkwajuni iko upande wa kaskazini, katika ardhi ya chini na yenye joto inayoelekea Ziwa Rukwa, na maisha yake kwa miaka mingi yamefungamana na dhahabu. Dhahabu ya Lupa, yaani ukanda wa machimbo unaoenea katika maeneo ya Chunya na Songwe, ilianza kuvuta watu kutoka mbali katika miaka ya 1920. Mgodi wa Saza ulichimbwa kuanzia mwaka 1939 hadi 1956. Na mgodi wa New Luika, ambao ni wa kisasa zaidi, ulianza kuzalisha mwaka 2012. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo, wanaoshuka katika mashimo yaitwayo maduara, wanaosaga mawe kwa mashine ziitwazo karasha, na wanaoosha unga wa mawe hayo kwenye mialo, yaani sehemu maalumu zenye maji za kutenganisha dhahabu na mchanga.

Maelezo hayo ya kijiografia na kiuchumi yanahusiana moja kwa moja na meza ya wawili, kwa sababu ndiyo yanayoamua jinsi jioni ya Mkwajuni inavyokuwa. Mahali ambapo watu wa duara huingia na kutoka kwa zamu, ambapo mama lishe huamka kabla ya alfajiri ili chai na maandazi viwahi wateja, na ambapo ndugu kutoka Rungwe, Mbozi au Usukumani anaweza kufika bila taarifa akitafuta kibarua, nyumba haina saa ambayo ni ya mume na mke peke yao. Chakula cha usiku huliwa na wote waliopo, mara nyingi katika sinia moja, na utaratibu huo una heshima yake, kwa kuwa ndio unaomfanya mgeni asijihisi mgeni na yatima asijihisi yatima. Kwa hiyo anayepanga chakula cha faragha Mkwajuni hatakiwi kuudharau utaratibu huo wala kuuiga ule wa mahoteli. Kinachotakiwa ni kuyatafutia mapenzi ya wawili nafasi ndani ya nyumba ambayo ni ya wengi.

Mke wa mwandishi alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alinunua mpunga kwa wakulima wa bonde la Rukwa, akaupeleka kwenye mashine ya kukoboa, akaupepeta, akauchambua na kuuza sokoni kwa kilo na kwa debe, na jua lilipokuwa likizama alirudi nyumbani kuanza zamu ya pili, yaani kuwasha mkaa, kuteka maji, kupika, kuogesha watoto na kupanga ya kesho. Mwandishi, ambaye ofisi yake ilifungwa mapema zaidi ya soko, alikuwa ameshafika nyumbani, ameoga na kukaa. Hali hiyo haikuwa ya nyumba moja, wala haikutokana na ubaya wa mtu mmoja. Ina mizizi mirefu katika malezi na hata katika fasihi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, unamfundisha mwanamke namna ya kumhudumia mume, chakula chake na mapumziko yake, na kwa zaidi ya karne moja na nusu umesomwa kuwa hazina ya hekima ya nyumbani. Katika Tanzania ya leo mafundisho ya aina hiyo huendelezwa katika kichen pati, yaani hafla ambamo wanawake humpa bibi harusi mtarajiwa vyombo vya jikoni pamoja na mawaidha ya ndoa. Bwana harusi hutayarishiwa hafla za kumchangia na kumpongeza, lakini ni nadra kukuta kikao kinachomfundisha kuchagua kuku, kupima chumvi au kutambua kwamba mkewe amechoka. Mwanamume anayeamua kumpikia mwenzake huanza, kwa hiyo, akiwa hana somo alilopewa, na inambidi ajifunze kwa kutazama.

Kutazama ndiko kulikozaa uamuzi wa kwanza, ambao ulihusu siku. Tarehe 14 Februari, inayojulikana kuwa Siku ya Wapendanao, huangukia katikati ya msimu mmoja mrefu wa mvua wa nyanda za kusini magharibi, unaoanza takriban Novemba na kuishia Aprili, wakati ambapo barabara ya kutoka Mbalizi kupitia Galula huwa na tope, mahindi bado yako shambani na mifuko ya watu imepungua. Kwa upande mwingine, Juni na Julai, ambapo mavuno yanaingia na chakula ni kingi, ndiyo miezi ambayo mfanyabiashara wa mchele hana pumziko, kwa kuwa ndipo anaponunua akiba ya mwaka mzima. Mwandishi alichagua Agosti, baada ya magunia kufika ghalani na kabla ya joto kali la Oktoba, tena akachagua jioni isiyotanguliwa na siku ya kukoboa, kwa sababu mkewe alirudi kutoka mashineni akiwa na vumbi la pumba machoni na hamu ya kulala tu. Fundisho linalotokana na hapo ni kwamba kalenda sahihi ya mapenzi ni ile ya uchovu wa mwenzi, na kwamba siku iliyotangazwa kwa dunia nzima yaweza kuwa siku mbaya kuliko zote kwa mtu mmoja.

Uamuzi wa pili ulihusu watoto na wageni. Badala ya kuwaondoa watoto kwa nguvu au kuwaficha chakula, jambo ambalo lingemfanya mama yao ale huku moyo ukiwa kwingine, mwandishi aligawa jioni mara mbili: chakula cha nyumba yote kiliiva saa kumi na mbili, watoto wakala wakashiba, kisha mama yao mdogo, aliyekaa jirani, akawachukua kulala kwake kwa makubaliano yaliyofanywa mapema na bila siri, kwani katika mji mdogo siri huzua maswali. Sehemu ya chakula ilihifadhiwa kwenye bakuli lenye kifuniko kwa ajili ya yeyote ambaye angebisha hodi, na aliyebisha angepewa, angeketi sebuleni na angeheshimiwa. Kumbukumbu za jioni hiyo zinaonyesha kwamba ukarimu na faragha havigombani pale ukarimu unapoandaliwa kwanza. Kinachoivunja faragha ni mgeni kukuta hakuna alichowekewa, kwa maana hapo mwenye nyumba hulazimika kuinuka na kuanza kupika upya.

Uamuzi wa tatu, uliohitaji fikra zaidi, ulikuwa wa chakula chenyewe. Wali, ambao katika nyumba nyingi za Tanzania ndio chakula cha sikukuu, ulionekana kuwa chaguo la wazi, lakini kwa mtu aliyeshika mchele tangu asubuhi ulikuwa ni kazi iliyomfuata mezani. Mkewe alikuwa amelelewa Rungwe, katika milima ya baridi na mvua ambako migomba huzunguka kila nyumba, na alipozungumzia utoto wake alizitaja ndizi za kupika, ambazo Wanyakyusa huziita mbalaga, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa chakula kingine chochote. Ndizi hizo ziliagizwa zije na gari la abiria kutoka Mbeya, zikiwa bado mbichi. Zilimenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande vidoleni, zikawekwa mara moja katika maji yaliyokamuliwa limau ili zisibadilike rangi, kisha zikachemshwa taratibu kwa chumvi kidogo. Pembeni yake palikuwa na mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, na kinywaji kilikuwa ukwaju ulioloweshwa katika maji ya uvuguvugu, ukafikichwa, ukachujwa na kutiwa sukari, kisha ukaachwa mahali pa baridi tangu mchana.

Kitoweo kilikuwa kuku wa kienyeji, yaani kuku anayefugwa kwa kuachwa ajitafutie, ambaye nyama yake ina ladha nzito lakini hudai subira. Jogoo mzee huweza kukaa jikoni saa nyingi na bado akamshinda mlaji, kwa hiyo mtetea mchanga hufaa zaidi, na hata yeye huhitaji kuchemshwa kwa tangawizi, kitunguu saumu na maji ya kutosha mpaka nyama ianze kuachana na mfupa, ndipo akaangwe kwa nyanya na kumalizikia kwenye mchuzi wa karanga zilizosagwa. Karanga huingizwa mwishoni, kwa moto mdogo, huku mpishi akikoroga bila kuacha, kwa kuwa hushika chini ya sufuria upesi na harufu ya kuungua haifichiki. Mpishi ambaye si mzoefu hunufaika kwa kupika chakula hichohicho mapema kwa ajili ya familia kabla ya siku yenyewe, ili jioni ya wawili isiwe ndiyo jioni ya majaribio.

Kuku alichaguliwa kwa sababu nyingine pia. Katika kaya nyingi za Tanzania firigisi, yaani tumbo la pili la kuku linalosaga chakula, huhesabiwa kuwa haki ya baba mwenye nyumba, na mpishi huiweka juu ya bakuli lake ili aione. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki miiko ilikwenda mbali zaidi, kama miongoni mwa Waganda, ambako zamani wanawake walikatazwa kabisa kula kuku na mayai. Mgawanyo wa nyama ni lugha ya madaraka ambayo kila mtoto huielewa kabla hajajua kusoma. Jioni ile firigisi iliwekwa kwenye sahani ya mke. Aliitazama, akaisogeza upande wa mumewe kama alivyozoea, naye akairudisha, na ikabidi isemwe kwa maneno kwamba haikuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Kabla ya hapo mwandishi alikuwa amemnawisha mkewe mikono kwa kummiminia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye jagi, huduma ambayo kwa miaka yote ya ndoa yao ilikuwa imekwenda upande mmoja, na alikuwa amemwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, jina ambalo lilikuwa limezama chini ya lile la mtoto wao wa kwanza, kwani mwanamke anapozaa hugeuka mama wa fulani hata kwa mumewe. Matendo hayo matatu hayakugharimu fedha yoyote, na ndiyo ambayo mkewe aliendelea kuyataja miaka kadhaa baadaye, wakati ladha ya mchuzi ilikuwa imeshasahaulika.

Maandalizi ya mahali nayo yana mambo ambayo hayapaswi kubebwa kutoka kwenye picha za magazeti. Mshumaa, ambao kwingine ni alama ya mapenzi, katika mji ambao umeme hukatika huwakumbusha watu usumbufu wa kupapasa gizani, hivyo taa ndogo ya sola iliyoegemezwa ukutani ilitoa mwanga laini bila kuleta kumbukumbu hiyo. Meza ilikaa karibu na dirisha lenye wavu, ili upepo uingie na mbu wasiingie, kwa sababu hakuna mazungumzo matamu yanayostahimili mbu wa nchi ya joto. Jiko la mkaa lilibaki nje tangu mwanzo hadi mwisho, hata kwa kazi ya kupasha moto chakula, kwa kuwa mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa wanasinzia. Kwa nyumba ambako mmoja wa wenzi anatoka mwaloni, tahadhari nyingine ni ya lazima: nguo za kazi zibaki nje, mikono ioshwe kwa sabuni, na chombo chochote kilichogusa zebaki, madini ya maji yanayotumiwa kunasa chembe za dhahabu, kisikaribie jiko la chakula kamwe.

Suala la nishati linastahili neno zaidi, maana ndilo linaloamua kama mpishi ataketi au atabaki akipuliza moto. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, yaani gesi, umeme na vyanzo vingine visivyojaza moshi nyumbani. Mkakati huo huelezwa kwa hoja za misitu na za afya, ambazo ni za kweli kabisa, lakini kumbukumbu za jikoni zinaongeza hoja ya tatu, ya muda: aliyepika kwa mkaa mwenyewe, akasubiri ushike, akaongeza, akapepea, na kunuka moshi mpaka kwenye nywele, anaelewa kwa mwili wake kwa nini mwenzi wake alifika kitandani bila neno la kusema. Baada ya jioni ile mtungi wa gesi ulinunuliwa katika nyumba ya mwandishi kabla ya runinga mpya iliyokuwa imepangwa, na ununuzi huo ulikuwa wa mapenzi kuliko ua lolote.

Hata hivyo, sehemu iliyofundisha zaidi haikutokea jikoni. Mke aliyeandaliwa kila kitu hakuweza kuketi kwa utulivu. Aliuliza kama mkaa umezimwa, kama mtoto mdogo amekunywa dawa yake ya kikohozi, kama ghala limefungwa, kama ndoo za asubuhi zimejazwa maji, na aliinuka kufuata chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. Wataalamu wa masuala ya familia hutofautisha kazi ya mikono na kazi ya kukumbuka, yaani ule mzigo wa fikra wa kujua nini kimekwisha, nini kinakaribia kwisha na nani anahitaji nini, na jioni ile ilionyesha wazi kwamba mikono ya mtu inaweza kupumzishwa huku kichwa chake kikiendelea kufanya kazi. Utulivu ulikuja tu pale mwandishi alipoweza kujibu kila swali kwa jibu kamili, dawa imenywewa saa ngapi, ufunguo wa ghala uko wapi, ndoo ngapi zimejaa, kwa kuwa alikuwa ameyashughulikia hayo kabla ya kuwasha moto. Mazungumzo yaliyofuata, ambayo hayakugusa ada za shule wala madeni ya wateja kwa sababu wenzi hao walikubaliana kuyaacha hadi kesho, yalikuwa marefu kuliko yoyote waliyokuwa nayo tangu wahamie Mkwajuni, na yalianza pale maswali yalipokwisha.

Kutokana na hayo, kupanga chakula cha jioni kwa ajili ya mwenzi kunapaswa kuanza mbali na orodha ya vyakula. Anayepanga na aandike kwanza kila jambo ambalo mwenzi wake hulifanya kuanzia saa kumi alasiri hadi usiku wa manane, yakiwemo yale yasiyoonekana, kisha alipangie kila moja mtu wa kulifanya au saa ya kulimaliza; ndipo afikirie kuku, ndizi na taa. Vyombo na vioshwe usiku uleule na aliyepika, kwani mke anayeamkia sufuria zenye masizi ameazimwa pumziko na kudaiwa asubuhi. Wapo watakaosema kwamba mpango wa namna hiyo unaondoa uchangamfu wa mapenzi, lakini uzoefu unaelekeza kinyume chake, kwa sababu uchangamfu huhitaji nafasi, na nafasi katika nyumba yenye watoto, biashara na ndugu haitokei yenyewe.

Jioni moja, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiwezi kufidia miaka ya mzigo usiogawanywa, na ingekuwa ni kumhadaa mwenzi kuifanya iwe zawadi ya mara moja kwa mwaka inayohalalisha siku nyingine zote. Faida yake ya kudumu ni kwamba humfanya mwandaaji aione nyumba yake kwa macho ya yule anayeiendesha, na aliyekwisha kuiona hivyo hana tena udhuru wa kutojua. Katika nyumba ya mwandishi matokeo yalikuwa kwamba chakula cha usiku cha siku za kukoboa kilihamia mikononi mwake, watoto wa kiume wakafundishwa kumenya ndizi na kukoroga karanga sambamba na dada zao, na firigisi ikaanza kuzunguka mezani kwa zamu. Mafunzo ambayo kichen pati haikumpa bwana harusi yanaweza bado kutolewa na baba kwa mwanawe, na njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuyatoa ni mtoto kumkuta baba yake jikoni siku ya kawaida, akipika kwa ajili ya mama yake, bila mtu yeyote kuona ajabu.